Kwa bibi wanagombania mchicha, kwangu wanafunga mdomo

Washauri wapendwa, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Tanga mjini. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 6, yuko darasa la kwanza. Mdogo ni wa kike, ana miaka miwili na nusu. Desemba niliwapeleka kwa mama mkwe wangu Pangani, wakakaa wiki mbili. Nilipokwenda kuwachukua, mama akaniambia, "Wajukuu zangu wanakula vizuri, mchicha wa nazi wanagombania." Nilidhani ananitania. Hapa nyumbani mchicha ukionekana tu kwenye sahani, mdogo anafunga mdomo na mkubwa anausukuma pembeni kwa kidole mpaka wali ubaki peke yake.

Mchicha wangu nauchemsha kwanza, namwaga maji ili ukali utoke, kisha naukaanga kwa mafuta, kitunguu na nyanya. Asubuhi wote wanakunywa chai ya maziwa na maandazi. Mdogo akisumbua saa nne nampa biskuti na juisi ya boksi, akilia tena nampa chupa ya maziwa. Saa saba chakula kikiiva ndipo vita vinaanza. Namfuata na kijiko sebuleni, namwashia katuni, namwahidi pipi akimaliza. Siku nyingine anameza vijiko vitano, siku nyingine anatema vyote. Nikaanza kusaga mchicha na kuuficha kwenye uji. Mkubwa amegundua, sasa hata uji hataki.

Baba yao anasema nisiwalazimishe, na jioni anarudi na chipsi mayai. Zinakwisha zote, mimi nabaki na sufuria yangu ya mboga. Inaniuma, kama vile mimi ndiye nisiyejua kupika.

Nimempigia mama mkwe anipe mapishi yake. Jibu lake: "Mwanangu, unatia nazi kiasi, chumvi kiasi, unakoroga mpaka iwe sawa." Kiasi gani? Sawa vipi? Naona haya kumuuliza zaidi asije akasema namsumbua. Naomba mnisaidie: nifanyeje watoto wapende chakula cha nyumbani, na nitayapataje mapishi ya bibi yao?

Mama Wawili, Tanga

JIBU

Mama Wawili, pole sana. Umetuandikia kila kitu bila kuficha, na hilo limeturahisishia kazi, kwa maana sababu nyingi za shida yako zimo humohumo kwenye barua. Watoto wako si wakaidi, nawe si mpishi mbaya. Kuna tofauti chache kati ya nyumba yako na ya bibi yao, na karibu zote zinarekebishika bila gharama.

Hesabu kwanza alichokula mdogo kabla ya saa saba: chai yenye sukari, maandazi, biskuti, juisi, chupa ya maziwa. Boksi moja la juisi la mililita 250 linaweza kuwa na sukari inayokaribia vijiko 6 vya chai. Tumbo la mtoto wa umri wake ni dogo, na mwili wake hauongezeki tena kwa kasi ya utotoni. Mtoto mchanga hufikisha uzito mara tatu ya aliozaliwa nao anapotimiza mwaka, lakini katika mwaka wa pili huongeza kilo mbili hivi tu. Hamu ya kula lazima ipungue. Kwa hiyo unapomwekea sahani saa saba, unamwekea mtu aliyeshiba. Tunakisia Pangani hakuna boksi la juisi saa nne. Kama lipo, tusahihishe.

Panga siku yao kwa saa zinazojulikana. Kifungua kinywa saa moja asubuhi, tunda au kipande cha kiazi kitamu saa nne, chakula saa saba, kitu kidogo saa kumi, chakula cha usiku saa moja. Katikati ya hapo ni maji tu. Anayesoma mfungashie cha saa nne aende nacho shule. Maziwa yasizidi vikombe viwili vya mililita 250 kwa siku, ayanywe kwa kikombe na pamoja na chakula au mara baada yake, wala si kwa chupa ya kutembea nayo. Maziwa ni mazuri ila yana madini ya chuma kidogo sana, na mtoto anayeshiba maziwa hukosa vyakula vyenye madini hayo. Chai nayo iondoe kwao, mpe kila mmoja maziwa matupu. Majani ya chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga, na upungufu wa damu kwa watoto wadogo ni tatizo kubwa nchini kwetu. Siku tatu au nne za mwanzo mdogo atalia saa tano. Mpe maji, mpe kazi ya kufanya, usirudishe biskuti.

Sasa mezani, au kwenye mkeka. Kazi yako ni kuamua kinapikwa nini, kinaliwa wapi na saa ngapi. Kazi ya mtoto ni kuamua atakula kiasi gani katika hivyo ulivyoweka, hata kama kiasi chenyewe ni sifuri. Hakikisha katika kila mlo kuna kitu kimoja anachokipenda, mathalani wali, halafu mboga iwepo pembeni kidogo sana. Kipimo cha kuanzia ni kijiko kimoja cha chakula kwa kila mwaka wa umri. Kwa mdogo vijiko viwili vya mchicha vinatosha, na kwa siku za mwanzo hata kimoja. Sahani iliyojaa mboga humkatisha mtoto tamaa kabla hajaonja. Baada ya dakika 20 hadi 30 ondoa vyombo bila maneno. Asipokula, chakula kijacho ni cha saa kumi.

Pipi iache kabisa kama malipo. Ukisema "maliza mchicha upate pipi", mtoto anaelewa kwamba mchicha ni adhabu na pipi ndiyo chakula cha thamani. Kula mbele ya katuni kuna ubaya wake: anameza bila kujua anakula nini, na siku umeme ukikatika huna njia. Usiseme tena mbele yao kwamba "huyu hali mboga". Mtoto wa miaka 6 akishapewa sifa hiyo huishika.

Kuficha mboga kwenye uji si dhambi, ila umeona matokeo: mtoto hajaujua mchicha, na uji aliouamini ameupoteza. Urudishe uji wake kama ulivyokuwa, mtupu, na umwambie wazi kwamba hakuna kitu ndani. Huenda ikachukua wiki mbili kuurudia. Mtoto anahitaji kukutana na chakula kigeni mara nyingi ndipo akikubali, kwa kawaida mara 8 hadi 15, na kugusa kwa ulimi kisha kutema nako ni mara moja. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu au ya nne. Weka mchicha siku mbili au tatu kwa wiki, kwa utulivu, na uhesabu kwa wiki, usihesabu kwa siku.

Na muhimu kuliko hayo: kaeni pamoja. Kwa bibi, tunavyodhani, wote walizunguka sinia moja, kila mtu anakata tonge lake, na hakuna aliyewatazama wao midomoni. Mtoto hujifunza kula kwa kuona wenzake wanakula. Mwache mdogo atumie mkono, achafuke. Na baba yao naye ale mchicha mbele yao. Hapa baba ana nusu ya haki, kwamba wasilazimishwe. Nusu aliyokosea ni chipsi za jioni, kwa sababu watoto wameshajua kwamba anayekataa mchana hulipwa usiku. Zungumzeni wawili, si mbele ya watoto. Chipsi mayai ziwe na siku yake, tuseme Jumamosi, ziliwe kama mlo na kachumbari pembeni, watoto waisubiri kwa furaha. Siku nyingine zisije.

Tuje kwenye sufuria, maana hapa pia kuna jambo. Kuchemsha mchicha na kumwaga maji kunaondoa sehemu ya vitamini C na foleti (vitamini ya kujenga damu), vinaenda na maji. Mboga inabaki nyuzi zisizo na ladha, na mafuta ya kukaangia hayairudishii. Mchicha mchanga hauna ukali wa kumwagiwa maji. Ukiwa mkali, umezeeka: majani magumu, mashina yenye nyuzi, umeanza kutoa maua. Nunua wa asubuhi, wenye shina linalokatika kwa kucha. Tui la bibi nalo si anasa. Vitamini A iliyomo kwenye majani ya kijani huingia mwilini vizuri ikiwa na mafuta, na tui ni mafuta.

Haya ndiyo mapishi ya mchicha wa nazi kwa watu watano, tumeyaweka kwa vipimo ili uwe na pa kuanzia. Yawezekana ya mama mkwe wako yanatofautiana kidogo, na ni ya kwake utakayoyafuata.

Mchicha gramu 500 baada ya kuchambua, yaani mafungu matatu hivi ya sokoni. Nazi moja kubwa, ikikunwa itoe vikombe 3. Kitunguu maji kimoja, nyanya mbili zilizoiva sana, vitunguu thaumu punje 2, chumvi nusu kijiko cha chai, ndimu nusu.

Chambua majani na ncha laini. Osha kabla ya kukata, kwenye beseni lenye maji mengi: tumbukiza, tikisa, kisha uinue mchicha kwa mikono miwili na kuuhamishia beseni jingine. Usimwage maji juu yake, kwa maana mchanga uliotulia chini utarudi kwenye majani. Fanya hivyo mara tatu, mpaka ukipitisha kiganja chini ya beseni usisikie punje hata moja. Tunalisisitiza hili kwa sababu mtoto aliyewahi kutafuna mchanga mara moja hukataa mchicha miezi. Kisha kata nyembamba sana, upana wa njiti ya kiberiti. Jani refu hunasa kooni na kumfanya mtoto mdogo atapike, nasi tunadhani ni ukaidi.

Nazi iliyokunwa itie maji ya vuguvugu kikombe kimoja, fikicha dakika mbili, kamua na uchuje. Hilo ni tui la kwanza, liweke kando. Ongeza maji kikombe kimoja na nusu kwenye machicha, yaani ile nazi uliyokwisha kuikamua, kamua tena upate tui la pili. Bandika tui la pili pamoja na nyanya, kitunguu na thaumu iliyopondwa, bila mfuniko, dakika 10, mpaka nyanya zivunjike na tui lipungue nusu. Tia mchicha wote na chumvi, ugeuze, dakika 4 au 5, bado bila kufunika, kwani ukifunika unageuka rangi na kuwa kama majani ya chai. Punguza moto uwe mdogo kabisa. Kama ni jiko la mkaa, toa makaa mawili matatu. Ndipo umimine tui la kwanza. Usiondoke hapo. Teka kwa upawa, inua, mimina tena, bila kuacha, mpaka uone vipovu vidogo pembeni mwa sufuria. Dakika tatu, epua. Ndimu ikamuliwe mezani, nayo inasaidia mwili kupata madini ya chuma.

Kinachoharibika mara nyingi ni tui kukatika: unaona maji upande mmoja na chembe nyeupe upande mwingine. Sababu ni moto mkali, kuacha kukoroga, ndimu kutiwa jikoni, au nyanya ambazo hazijaiva vizuri. Likikatika bado linalika, ila sura yake haimvutii mtoto. Kosa la pili ni maji mengi. Mchicha hutoa maji yake wenyewe, kwa hiyo tui la pili likiwa halijapungua utapata mchuzi wa kijani. Ukikosa nazi mbichi, tui la boksi mililita 200 lifanye la kwanza, na kijiko kimoja kikubwa cha hilohilo kwenye kikombe cha maji kiwe la pili.

Wape watoto kazi. Mdogo anaweza kuchambua majani na kuyatumbukiza kwenye beseni. Mkubwa akamue tui, ila mbuzi ya kukunia iwe mkononi mwako. Kama una ndoo kuukuu yenye matundu chini, ijaze udongo na samadi, wamwage mbegu, wamwagilie. Mchicha hung'olewa baada ya wiki tatu hadi nne, muda ambao mtoto bado anakumbuka kwamba ni yeye aliyepanda.

Mboga isiwe peke yake. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kisha moto wa wastani mpaka yavunjike kwa vidole, na nyanya zitiwe yakishaiva, kwa sababu uchachu huyazuia kulainika. Dagaa uwatoe vichwa na matumbo, ndiko kunakotoka ukali, uwakaange bila mafuta mpaka wakauke, utwange, utie kijiko kimoja cha unga huo kwenye maharage, ukiwaambia watoto ni dagaa. Karanga nzima mdogo asipewe kabla ya miaka 5, zinaweza kumpalia. Mpe zilizosagwa, na zilizosinyaa au zenye ukungu zitupe, usizichanganye na nyingine.

Sasa mama mkwe. "Kiasi" si uchoyo wala siri. Nazi moja ina mafuta mengi, nyingine maji matupu, na mkono wake unarekebisha bila yeye kujua. Kwa simu huwezi kuyapata yote, lakini unaweza kubadili maswali. Badala ya "maji kiasi gani?" muulize, "Maji yanafunika mboga au yanaishia nusu?" Badala ya "muda gani?" muulize, "Unajuaje kuwa imeiva, kwa harufu, kwa rangi, au kwa mafuta kuelea?" Maswali ya namna hiyo atayajibu mara moja, na wala hataona unamsumbua. Mkwe aliyeulizwa siri ya mkono wake huona ameheshimiwa.

Ukienda Pangani, chukua kikombe kimoja cha kupimia, kijiko kimoja na daftari. Kabla hajatia kitu chungani, mwombe akiweke kwanza kwenye bakuli, upime, umrudishie. Chumvi vilevile: iangukie kwenye kisahani, ipimwe, ndipo iingie. Asipike kwa namna tofauti kwa ajili yako. Siku ya kwanza yeye apike, wewe uandike. Siku ya pili wewe upike, yeye aonje na kusema kilichopungua, na hilo analosema ndilo utakaloandika kwa wino mzito. Andika pia ukubwa wa sufuria, aina ya jiko, nazi ilitoa vikombe vingapi, na chakula hicho kililiwa na nini. Jina alilolitumia yeye liandike kama alivyolitamka, hata kama mjini mnaliita vingine. Omba mapishi mawili kwa safari moja. Ukiomba kumi utarudi na vipande vya kumi.

Kuna dalili ambazo hazisubiri ushauri wa jikoni. Mtoto akiacha kuongezeka uzito kwenye kadi yake ya kliniki, akila udongo au mkaa, viganja vikipauka, akipaliwa mara kwa mara akimeza, au akikataa kundi zima la chakula mpaka abaki na vitu viwili vitatu, mpeleke kituo cha afya. Mdogo bado yuko chini ya miaka 5, hakikisha hakosi matone ya vitamini A na dawa ya minyoo vinavyotolewa mara mbili kwa mwaka. Minyoo nayo hupunguza hamu ya kula.

Anza Jumatatu na saa za kula na kuondoa juisi, hayo tu. Mchicha wa nazi usubiri wiki ya pili, watakapokuwa na njaa ya kweli. Na likizo ijayo, mkubwa akiwa ameshazoea kalamu, mkabidhi daftari: bibi akimimina, yeye ahesabu vikombe na kuandika namba.